Jinsi ya kufanyia mazoezi nyakati za Kiingereza zenye have, been na -ing

Vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza vina jedwali la nyakati 12, na wanafunzi wengi wamelikariri mpaka likakaa kichwani. Mpe mmoja wao mtihani wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi, atafaulu. Mkalishe azungumze dakika tano tu, utasikia "I am here since morning" na "I have seen him yesterday". Jedwali analo, ila halimsaidii, kwa sababu mtu anapozungumza hana muda wa kupekua jedwali. Anawaza kwa -me-, -na-, -li- na -ki-, kisha anageuza.

Kugeuza huko si dhambi. Mara nyingi viambishi vyetu hutufikisha salama: "alikuwa akisoma" ni "was reading", "atakuwa amemaliza" ni "will have finished", na hakuna cha kuumiza kichwa. Balaa liko sehemu chache ambapo kiambishi kimoja cha Kiswahili hubeba kazi mbili au tatu ambazo Kiingereza hakitaki kuzichanganya. Kwa hiyo mazoezi yaliyo hapa hayagawi muda sawasawa kwa nyakati zote. Yanakaa sana pale penye mtego na kupita haraka kwingine.

Tenga robo saa kila siku. Uwe na daftari, kalamu na simu inayorekodi sauti. Robo saa ya kila siku ina faida kuliko saa tatu za siku moja kwa wiki.

Hatua ya 1: Shika mifupa

Hali ya kuendelea hujengwa kwa "be" na kitenzi chenye -ing. Hali timilifu hujengwa kwa "have" na umbo la tatu la kitenzi, kama "gone" katika "go, went, gone". Zikiunganishwa, unapata "have", kisha "been", kisha -ing. Basi. Habari ya wakati, yaani kama ni sasa, jana au kesho, inabebwa na neno la kwanza peke yake.

Chukua kitenzi kimoja rahisi, mathalani "wait", useme kwa sauti:

I am waiting. I was waiting. I will be waiting.
I have waited. I had waited. I will have waited.
I have been waiting. I had been waiting. I will have been waiting.

Ukishazisema bila kukwama, badilisha nafsi useme "she", halafu "they". Kisha kanusha: "not" hukaa mara baada ya kisaidizi cha kwanza ("be", "have" au "will" iliyotangulia), hata kama visaidizi viko vitatu, kama katika "I will not have been waiting". Kisha uliza: kisaidizi hicho hicho cha kwanza kinaruka mbele ya mtenda, "Have you been waiting?" Kesho yake chukua kitenzi kingine.

Tahajia ya -ing isikuchukulie muda mrefu. "Make" huangusha e na kuwa "making", "run" hurudufu n na kuwa "running", "lie" hugeuka "lying". "Begin" hurudufu n kwa sababu mkazo uko mwishoni, lakini "open" haifanyi hivyo kwa kuwa mkazo uko mwanzoni: "beginning", ila "opening".

Hatua ya 2: Jifunze umbo la tatu kwa makundi, si kwa alfabeti

Zile orodha ndefu zinazoanza na "arise" na "awake" zinakatisha tamaa bure. Ni mara ngapi kwa wiki unahitaji kusema "arise"? Anza na vitenzi unavyovitumia, uvipange kwa tabia zao.

Kuna visivyobadilika kabisa: "put", "cut", "shut", "hit", "cost". Kuna vinavyorudi vilikotoka: "come, came, come" na "run, ran, run". Kuna ambavyo umbo la pili na la tatu ni mapacha: "bought", "thought", "taught", "found", "left". Kuna familia ya i, a, u: "begin, began, begun", na vivyo hivyo "drink", "sing", "swim", "ring". Na kuna vinavyoishia na n: "broken", "spoken", "written", "taken", "given", "chosen". Vinavyobaki nje ya makundi ni wakorofi wachache unaokutana nao kila siku: "gone", "been", "done", "seen". Ukisoma maandishi ya Marekani utakutana pia na "gotten", ambayo Uingereza ni "got".

Usivikariri vikiwa peke yake. Kila umbo la tatu liseme ndani ya sentensi inayoanza "I have already…": "I have already begun", "I have already chosen". Ulimi ukizoea kuvikuta vikiwa pamoja na "have", makosa kama "I have went" na "he has came" hupungua yenyewe.

Hatua ya 3: Ichambue -me-

Hapa kaa wiki nzima ukipenda, maana ndipo makosa mengi ya Mswahili yanapozaliwa. Kiambishi hiki kina kazi zaidi ya moja.

Kazi ya kwanza ni kueleza hali ambayo mtu yumo sasa hivi: amelala, amesimama, amekaa, amevaa koti, amechoka, ameolewa. Kiingereza hakitumii "have" hapa. Hutumia "be", ama na -ing ama na kivumishi: "He is sleeping", "She is standing", "She is wearing a coat", "He is tired", "She is married". Fikiria mtu amepiga simu akimtaka kaka yako, na kaka yako yuko kitandani anakoroma. Kwa Kiswahili unajibu "amelala", na mazungumzo yameisha. Ukijibu "He has slept", aliyepiga anaelewa kwamba kaka ameshapata usingizi wake, ameamka na sasa yuko sawa. Atakuambia umpe simu.

Kazi ya pili ni kueleza tendo lililokwisha lakini matokeo yake yapo bado. "Amefika" ni "He has arrived", yaani yupo hapa. "Nimepoteza ufunguo" ni "I have lost my key", yaani mlango bado umefungwa. Hapa -me- na "have" wanakubaliana kabisa.

Kazi ya tatu ni ya mazungumzo ya kawaida. Utasikia watu wakisema "nimemwona jana" au "nimefika juzi". Kiingereza hakikubali. Mara tu unapotaja muda uliokwisha, kama "yesterday", "last week", "in 2010" au "two days ago", "have" inaondoka: "I saw him yesterday". Swali linaloanza na "when" linafuata mkondo huo huo. Usiulize "When have you arrived?" Uliza "When did you arrive?" Sababu ni kwamba timilifu ya Kiingereza hutazama tendo ukiwa umesimama sasa, nawe ukitaja tarehe umeshaondoka sasa ukaenda kusimama kwenye tarehe hiyo.

Zoezi ni hili. Kwa siku moja, kila ukisema au kusikia sentensi yenye -me-, iandike. Zikifika kumi, andika pembeni ya kila moja namba 1, 2 au 3 kulingana na kazi hizo, halafu ndipo uigeuze. Usigeuze kabla ya kuandika namba. Hiyo sekunde moja ya kujiuliza "hii ni hali, ni matokeo, au ina tarehe?" ndiyo unayoifanyia mazoezi. Ukiizoea kwenye daftari, itakuja yenyewe mdomoni.

Ndugu zake -me- hawana shida. "Sijala" ni "I haven't eaten", na ukitaka kutia "bado" unamalizia na "yet". "Nimeshakula" ni "I have already eaten". "Umewahi" ni "Have you ever", na "sijawahi" ni "I have never". Angalia tu tofauti ya "been" na "gone": "She has been to London" maana yake aliwahi kwenda na akarudi, ilhali "She has gone to London" maana yake hayupo, yuko huko au yuko njiani.

Ukitazama filamu za Kimarekani utasikia "Did you eat yet?" na "I already ate". Hawajakosea, ndivyo wanavyozungumza. Lakini kama unajiandaa kwa mtihani unaofuata Kiingereza cha Uingereza, shika "Have you eaten yet?"

Hatua ya 4: Ichambue -na-

"Ninaishi hapa tangu 2019." Kwa Kiswahili sentensi hii haina doa. Ukiigeuza neno kwa neno unapata "I am living here since 2019", na hilo ni kosa ambalo hata wenye Kiingereza kizuri hulifanya. Kwa Kiingereza, jambo lililoanza zamani na linaendelea hadi sasa lazima liguse ncha zote mbili, mwanzo na sasa. "Have" inabeba kule nyuma, -ing inabeba kuendelea: "I have been living here since 2019". Hata ile namna yetu nyingine, "nina miaka mitano nafanya kazi hapa", inaingia humo humo: "I have been working here for five years".

"Since" hufuatwa na mahali pa kuanzia: 2019, Jumatatu, asubuhi, ulipozaliwa. "For" hufuatwa na urefu: miaka mitano, saa mbili, muda mrefu. Andika mambo matano uliyoyaanza na bado unayafanya, kisha kila moja liseme mara mbili, mara ya kwanza kwa "since", mara ya pili kwa "for". Kugeuza mwaka wa kuanzia uwe idadi ya miaka kunakulazimisha uelewe unachosema, si kurudia kama kasuku.

Kuna vitenzi visivyopenda -ing. Ni vile vya kujua, kutaka, kuamini na kumiliki: "know", "understand", "want", "need", "believe", "own", "belong". Kwa kuwa tunasema "ninajua" kwa -na- ile ile ya "ninakula", rahisi mtu aponyokwe na "I am knowing". Sema "I know". Na ukitaka kueleza muda, sema "I have known her for ten years", bila "been". "Have" yenyewe ina sura mbili: ikiwa na maana ya kumiliki haipokei -ing, hivyo ni "I have a car", lakini ukiwa mezani unakula unaweza kusema "I am having lunch".

Hatua ya 5: Cheza na matukio mawili

Hapa Kiswahili kinakubeba mgongoni, kwa hiyo tumia nafasi hiyo. Soma sentensi hizi tatu:

When I arrived, they left.
When I arrived, they were leaving.
When I arrived, they had left.

Ya kwanza: nilipofika, wakaondoka. Ya pili: nilipofika, walikuwa wakiondoka. Ya tatu: nilipofika, walikuwa wameshaondoka. Katika ya kwanza huenda ujio wako ndio uliowafukuza. Katika ya pili mmepishana mlangoni. Katika ya tatu umekuta viti vitupu. Tunga seti kama hii kila siku ukibadilisha vitenzi: mvua na safari, simu na kuoga, mwalimu na mtihani. Sema Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza.

Tahadhari moja: watu wakishaizoea "had" huimwaga kila mahali. Kama unasimulia mambo kwa mpangilio yalivyotokea, wakati uliopita wa kawaida unatosha: "I got up, washed and went out". "Had" inahitajika pale unaporudi nyuma ya jambo ambalo umeshalitaja.

Hatua ya 6: Umefanya, au umekuwa ukifanya?

"I have read the report" na "I have been reading the report" zote zinahusu ripoti moja. Ya kwanza inasema umeimaliza. Ya pili inasema umekuwa ukiisoma, na haisemi kama umeimaliza. Ndiyo maana idadi hupenda ile ya kwanza, na muda hupenda ile ya pili: "I have written four letters", lakini "I have been writing letters all morning". Mtu akikukuta unahema huku jasho likikutiririka, akauliza kulikoni, jibu lako ni "I have been running", hata kama umeshasimama. Tunga jozi tano za namna hii, moja yenye idadi na nyingine yenye muda. Zikitoka bila shida, songa mbele.

Hatua ya 7: Za kesho

Nyakati hizi husikika mara chache zaidi, kwa hiyo zisikunyime usingizi. "This time tomorrow I will be travelling" ni "kesho saa kama hii nitakuwa nasafiri". Namna hii hutumika pia kuuliza kwa adabu: "Will you be using the computer?" ni laini kuliko kumuuliza mtu moja kwa moja kama anaitaka.

"Will have" hupenda kuandamana na "by": "By six o'clock I will have finished". Usichanganye "by" na "until". Ukisema "I will work until six" unafanya kazi mpaka saa kumi na mbili. Ukisema "I will have finished by six", saa kumi na mbili ikigonga kazi imeshakwisha, pengine tangu saa kumi. Na baada ya "when" ya wakati ujao, "will" haikai: "When I have finished, I will call you", si "When I will have finished".

Hatua ya 8: Chukua habari ya kweli yenye tarehe

Sentensi za kubuni zina kasoro moja: unaweza kubuni kitu kinachoendana na sarufi uliyoizoea ukaepuka ile inayokusumbua. Tarehe za kweli hazikupi mwanya huo. Mimi napenda habari za anga za mbali, kwa sababu tarehe zake zinajulikana na baadhi ya mambo yake yanaendelea hadi leo.

Tazama chombo Voyager 1. Kilirushwa mwaka 1977, kikapita karibu na sayari ya Mshtarii mwaka 1979 na Zohali mwaka 1980, na mpaka sasa kinazidi kwenda mbali. Kutokana na hayo machache unapata karibu kila kitu:

Voyager 1 left Earth in 1977.
It has passed two giant planets.
It has been travelling since 1977.
When it reached Saturn, it had already passed Jupiter.
When it reached Saturn, it had been travelling for about three years.
By 2077 it will have been travelling for a hundred years.

Kwa kila sentensi jiulize kwa nini ni wakati huo na si mwingine. Ya kwanza ina mwaka, kwa hiyo haina "have". Ya pili haina mwaka na ina idadi. Ya tatu safari haijaisha. Ya nne na ya tano zimesimama mwaka 1980 zikitazama nyuma. Ya mwisho imesimama mwaka 2077 ikitazama nyuma vilevile.

Sasa jaribu mwenyewe kwa habari hizi. Mwaka 1969 Armstrong na Aldrin walitembea mwezini huku Collins akiuzunguka mwezi ndani ya chombo. Watu 12 wametembea mwezini, na wa mwisho walifanya hivyo mwaka 1972. Kituo cha anga cha kimataifa kimekuwa na watu ndani yake bila kukatika tangu Novemba 2000. Andika sentensi zako kwanza, ndipo usome hizi:

While Armstrong and Aldrin were walking on the Moon, Collins was orbiting it.
Twelve people have walked on the Moon.
The last two walked on it in 1972.
People have been living on the International Space Station since 2000.

Kama sentensi ya tatu uliiandika kwa "have", rudi kwenye kazi ya tatu ya -me-. Kama ya nne uliiandika "are living", rudi kwenye -na-. Ukimaliza habari za anga, chukua historia ya jambo lolote unalolipenda, iwe mchezo, kampuni au chombo cha muziki, mradi tarehe zake ziwe za uhakika.

Hatua ya 9: Sikio na mdomo

Katika mazungumzo, "have" na "had" karibu zinamezwa. "I have been" hutamkwa "I've been", na "been" yenyewe hufupishwa. Ndiyo maana mtu anayezielewa vizuri kwenye karatasi hazisikii kabisa redioni. Tafuta sauti fupi yenye maandishi yake, isizidi dakika moja. Sikiliza bila kuangalia, andika ulichosikia, kisha linganisha. Weka mstari chini ya kila kisaidizi kilichokuponyoka.

Utagundua kwamba 's inaweza kuwa "is" au "has". Kinachokuambia ni ipi ni neno linalofuata: "He's going" ni "is", "He's gone" ni "has". Ukisikia "He's been", haiwezi kuwa "is". Hali kadhalika 'd: ikifuatwa na umbo la tatu ni "had", kama "He'd gone". Ikifuatwa na umbo la kwanza la kitenzi ni "would", kama "He'd go". Kwa "He'd come" na "He'd run" maumbo yote mawili yanafanana, hapo inabidi usikilize sentensi nzima.

Mara moja kwa wiki, jirekodi ukieleza kwa dakika mbili mambo matatu: unachofanya siku hizi, ulichokwisha kukamilisha mwaka huu, na jambo ambalo umekuwa ukilifanya kwa muda mrefu. Usiandike kwanza. Sikiliza siku inayofuata, siyo papo hapo, maana ukisikiliza ukiwa bado unakumbuka ulichotaka kusema, sikio litakufichia makosa. Andika kila kosa pamoja na namba ya hatua linakotoka. Hatua yenye makosa mengi ndiyo utakayoanza nayo wiki inayofuata, na zile zisizo na kosa ziache zipumzike.